Udongo Ukipasuka, Jiko Hubaki Bati

Jiko banifu huchakaa kwa mpangilio unaojulikana. Rangi hufifia, mikono hulegea, miguu hupata kutu, na yote hayo hayamwongezei mpishi gharama. Gharama huanzia ndani, kwenye chungu cha udongo kilichobeba makaa. Ufa mwembamba hujitokeza karibu na matundu ya chini, hupanda hadi ukingoni, kipande kimoja hung'oka, kisha kingine. Makaa yakishagusana na bati, joto lililopaswa kwenda kwenye sufuria hutokea ubavuni na kupasha hewa. Ukilitazama kwa nje, jiko ni lile lile lililonunuliwa kwa sifa ya kubana matumizi. Ukilipima kwa mkaa linaokula, limekuwa jiko la bati.

Makala haya yanatetea jambo moja. Kihami joto, yaani chungu na tabaka linalokizunguka, ndicho kinacholifanya jiko banifu liwe banifu, na kwa kuwa kihami huchakaa mapema, jiko linapaswa kuhukumiwa kwa wepesi wa kukibadilisha. Kwa miaka arobaini sasa Afrika Mashariki imehesabu majiko yaliyouzwa na kugawiwa. Vyungu vilivyobadilishwa havina anayevihesabu. Pengo hilo hulipiwa kila siku na akina mama wanaonunua mkaa kwa kopo, na hulipiwa na misitu.

Joto hupita wapi

Moto wa mkaa hutoa joto pande zote. Sehemu yake hupanda kwenye sufuria, sehemu huondoka na hewa ya moto, na sehemu hupenya ukuta wa jiko. Chuma hupitisha joto kwa wepesi mkubwa: kwa vipimo vya fizikia, karibu wati 50 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto. Udongo uliochomwa hupitisha karibu wati 0.7. Vemikulaiti kavu, yale madini mepesi yanayometameta ambayo mafundi huyaweka kati ya udongo na bati, hupitisha takriban wati 0.07. Hewa iliyotulia hupitisha wati 0.026 tu. Kwa hesabu hiyo, tabaka la vemikulaiti la sentimita 2 linaweza kuzuia joto sawasawa na ukuta wa udongo wa sentimita 20.

Tarakimu hizi zinaeleza kwa nini vihami vyote vizuri hufanana kwa jambo moja: vimejaa hewa iliyofungiwa. Vemikulaiti ni jamii ya ulanga yenye maji kati ya matabaka yake. Ikichomwa ghafla katika joto la karibu nyuzi 900, maji hayo hugeuka mvuke, matabaka husukumana na chembe huvimba mara nyingi kuliko ukubwa wake wa awali. Jivu la pumba za mpunga huhifadhi joto kwa njia hiyo hiyo. Wafinyanzi wanaochanganya unga wa mbao kwenye udongo nao hufuata kanuni ile ile, kwa kuwa unga huungua tanurini na kuacha vitundu vidogo vya hewa.

Yapo mambo mawili ambayo wanunuzi wengi hawaelezwi. La kwanza, maji huua kihami. Maji hupitisha joto zaidi ya mara ishirini kuliko hewa, hivyo jiko lililonyeshewa hupoteza nguvu yake hadi likauke, na kila likikaushwa kwa moto mkali hupata nyufa mpya. La pili, unene wa udongo hautoshi kuwa sifa. Udongo mzito hunywa joto jingi kabla haujaanza kulirudisha. Kwa maharage au makande ya saa tatu, joto hilo hurudi kidogo kidogo na kusaidia. Kwa chai ya asubuhi, mkaa mwingi huishia kupasha chungu chenyewe. Larry Winiarski, aliyebuni jiko la roketi katika kituo cha Aprovecho huko Oregon, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, alisisitiza hoja hii maisha yake yote: ukuta unaozunguka moto uwe mwepesi na wenye hewa, usiwe mzito.

Somo la Shauri Moyo

Jiko la kauri la Kenya, maarufu kama KCJ, lilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati Nairobi ilipokuwa mwenyeji wa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mpya na jadidifu mwezi Agosti 1981. Wazo lilitokana na jiko la ndoo la Thailand, ambalo lina udongo ndani na bati nje. Mafundi, wabunifu kama Max Kinyanjui na mashirika yaliyounganishwa chini ya KENGO waliligeuza lifae mapishi ya huku. Lilipewa umbo lenye kiuno, pana juu na chini, lisipinduke mtu anaposonga ugali. Udongo uliwekwa nusu ya juu tu, palipo na moto, nao ukashikizwa kwenye bati kwa mchanganyiko wa saruji na vemikulaiti.

Mafanikio yake yalikuwa makubwa. Mwaka 1995 mwanasayansi Daniel Kammen aliandika kwamba jiko la bati tupu hufikisha kwenye sufuria asilimia 10 hadi 20 ya joto la mkaa, ilhali KCJ hufikisha asilimia 25 hadi 40. Wakati huo zaidi ya nusu ya kaya za mijini nchini Kenya zilikuwa nalo. Tanzania ilipata Jiko Bora, na Uganda ikaendeleza majiko yake yenye udongo ndani.

Sababu ya mafanikio hayo ilikuwa mgawanyo wa kazi kuliko umbo lenyewe. Wafinyanzi walifinyanga na kuchoma vyungu. Mafundi bati wa jua kali, kama wale wa Shauri Moyo jijini Nairobi, walikata na kukunja mabati. Wengine waliunganisha na kuuza. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Chungu kilikuwa bidhaa inayojitegemea, ikisafirishwa na kuuzwa peke yake, hivyo jiko lililopasuka lingeweza kurudi kwa fundi na kutoka likiwa na moyo mpya. Magharibi mwa Kenya, vikundi vya akina mama vilifinyanga vyungu vya jiko la kuni lililoitwa Maendeleo na baadaye Upesi, ambalo halikuwa na bati kabisa. Chungu kilijengewa kwa tope jikoni, na kikivunjika kilitolewa kikawekwa kingine.

Huo ndio urithi tunaoupoteza. Majiko mengi mapya ya kiwandani yana chumba cha moto cha chuma maalumu na kihami kilichofungiwa ndani ya bati lililobanwa kwa mashine. Siku ya kwanza huyashinda yale ya udongo kwa mbali. Lakini kihami kikilowa, kikishuka au chumba kikitoboka, fundi wa mtaani hana pa kushika.

Kwa nini udongo hupasuka

Chungu cha jiko hufanya kazi katika mazingira magumu. Upande wa ndani hufikia mamia ya nyuzi huku wa nje ukiwa wa baridi zaidi, na kila upande hutanuka kwa kiasi chake. Mchanga uliomo kwenye udongo una kwazi, madini ambayo hubadilika ujazo kwa ghafla yanapofika nyuzi 573. Chungu kikivuka kiwango hicho haraka haraka, kupanda au kushuka, nyufa hazikwepeki. Bati nalo hutanuka takriban mara mbili ya udongo, hivyo kila pishi huulegeza mshikamano wa viwili hivyo kidogo kidogo.

Saruji ina udhaifu wake. Ikipashwa kupita nyuzi 400 na kitu, sehemu ya viungo vyake hupoteza maji iliyoyashika. Jiko likipoa, viungo hivyo hufyonza unyevu wa hewani, huvimba na kubomoka. Ndiyo maana kiraka cha saruji tupu kinachopakwa juu ya ufa huonekana imara kwa siku chache, kisha hudondoka na kubeba kipande cha udongo. Vemikulaiti kwenye mchanganyiko hufanya kazi mbili: huzuia joto lisiifikie saruji kwa ukali, na hubonyea pale bati na udongo vinapovutana.

Mengine hutokana na mazoea yetu. Baya kuliko yote ni kumwagia maji makaa yakiwa bado jikoni ili yabaki ya kesho. Mkaa huokolewa, chungu huuawa. Makaa yahamishwe kwa koleo hadi kwenye debe lenye mfuniko, nayo yatazimika kwa kukosa hewa. Jivu likiachwa lizibe matundu ya chini, hewa hupungua juu na joto hukusanyika kwenye sakafu ya chungu, sehemu iliyo dhaifu kwa sababu ya matundu yenyewe. Kugonga makaa kwa chuma ndani ya chungu huzaa nyufa zisizoonekana. Na ugali wa watu wengi ukisongwa juu ya jiko dogo, nguvu ya mwiko hupitia kwenye sufuria na vishikio vyake hadi ukingoni mwa udongo. Sufuria kubwa inahitaji jiko kubwa, hata kama moto wa jiko dogo ungetosha.

Kukagua na kubadilisha

Ukaguzi hauhitaji chombo cha maabara. Jiko likiwa baridi na tupu, pitisha kidole ndani. Ufa mwembamba ambao pande zake bado zimeshikana hauna haraka, maana karibu kila chungu hupata ufa wa aina hiyo na huendelea na kazi. Ishara za kubadilisha ni kipande kinachocheza, tundu la chini lililoungana na jirani yake, au mahali ambapo bati linaonekana kwa ndani. Kwa nje, rangi iliyobabuka au bati lililogeuka bluu sehemu moja huonyesha mahali kihami kilipotoweka.

Kubadilisha ni kazi ya subira. Udongo wa zamani huvunjwa kwa patasi kutoka katikati kwenda nje ili bati lisipinde, kisha mabaki ya saruji na kutu hukwanguliwa. Chungu kipya hugongwa kwa kucha: kilichochomwa vizuri hulia kwa sauti kali, chenye ufa uliojificha hutoa sauti butu. Mdomo wake uwe mdogo kuliko bati kwa kiasi cha upana wa kidole kuzunguka pande zote, maana nafasi hiyo ndiyo makazi ya kihami. Kabla ya kupachikwa, chungu huloweshwa maji, kwa sababu udongo mkavu hunyonya maji ya mchanganyiko na kuuacha ukigeuka unga.

Mchanganyiko wenyewe uwe na vemikulaiti nyingi na saruji ya kushikiza tu. Fundi mwenye haraka huushindilia kwa nguvu ili uonekane imara, na kwa kufanya hivyo huiondoa hewa ambayo mteja ameinunua. Pasipopatikana vemikulaiti, jivu lililochekechwa na kuchanganywa na udongo kidogo ni mbadala wa kuaminika kuliko saruji tupu. Ukingo wa juu huzibwa vizuri zaidi, maji na mafuta yanayofurika yasipenye. Baada ya hapo jiko hukaa kivulini siku kadhaa, na moto wa kwanza uwe mdogo. Likiwashwa kwa nguvu likiwa bichi, mvuke ulionaswa hutafuta njia, na njia yake huwa ufa.

Majiko ya peleti

Swali la kihami sasa limepanuka, kwa sababu nishati yenyewe inabadilika. Peleti ni vijiti vifupi vya unga wa mbao au mabaki ya mazao, vilivyoshindiliwa kwa mashine hadi vikawa vikavu na vigumu. Zile za kupasha nyumba Ulaya huwa na kipenyo cha milimita 6 au 8 na unyevu usiozidi asilimia 10. Jiko la peleti la nyumbani liliingia sokoni Marekani katika miaka ya 1980, likihusishwa na mhandisi Jerry Whitfield wa Seattle, na leo Italia ni miongoni mwa masoko yake makubwa. Waswahili wanaoishi kwenye nchi za baridi huliona sebuleni: mashine yenye kioo, feni na kifaa kinacholisha peleti taratibu.

Ndani yake kuna kanuni ile ile ya Shauri Moyo. Kuta za chumba cha moto hufunikwa kwa mbao za vemikulaiti iliyoshindiliwa ili chumba kiwe na joto la kutosha kuteketeza gesi zote kabla hazijatoka. Mlango huzungushiwa kamba ya faibaglasi, kioo huwekewa utepe wake, na feni ya moshi hufungwa na gasketi. Ubao wa vemikulaiti wenye ufa huachwa maadamu umesimama mahali pake; hubadilishwa unapobomoka au chuma cha nyuma kinapoonekana. Hukatwa kwa msumeno wa kawaida, na huachiwa mwanya mdogo wa kutanuka. Kamba ya mlango hupimwa kwa ukanda wa karatasi uliofungiwa mlangoni: ukivutika bila kushikwa, hewa inaingia mahali isipotakiwa, kioo kitakuwa cheusi, na hewa ya sumu ya kaboni monoksidi inaweza kurudi chumbani. Kabla ya yote hayo, jiko lipoe kabisa na waya wa umeme uchomolewe.

Kwetu, peleti zimekuja kwa ajili ya kupikia. Katika eneo la Rubavu nchini Rwanda, kampuni ya Inyenyeri ilizipa kaya majiko ya feni, nazo zikanunua peleti kwake. Kampuni iligharamia matengenezo, kwa kuwa jiko bovu lilimaanisha peleti zisizouzwa. Biashara hiyo haikudumu, lakini wazo lake kuhusu matengenezo lina thamani ya kubaki: anayefaidika na jiko kuwa zima awe ndiye anayelitengeneza. Katika jiko la aina hii kihami kina jukumu la ziada. Feni na betri vimewekwa chini ya moto mkali, na tabaka la kuzuia joto likipotea, huanza kuharibika vifaa vya umeme, ambavyo ni ghali kuliko chungu chochote.

Vumbi lisipuuzwe

Afya ya fundi ni sehemu ya hesabu. Vihami vya zamani vingi vilikuwa na asbesto. Hata vemikulaiti iliwahi kuchafuka nayo: mgodi wa Libby, Montana, uliolisha sehemu kubwa ya dunia hadi ulipofungwa mwaka 1990, ulikuwa na asbesto ndani ya mwamba wake, na watu wengi wa mji huo waliugua na kufa. Pamba ya kauri, inayotumika kwenye matanuri na baadhi ya majiko, imewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Ikitumika muda mrefu kwenye joto kali, sehemu yake hugeuka silika ya fuwele, ambayo imethibitishwa kuleta saratani ya mapafu. Kwa hiyo pamba iliyochakaa ni ya hatari kuliko mpya. Inyunyiziwe maji kabla ya kung'olewa, fundi avae barakoa ya vumbi laini na glovu, mabaki yafungwe kwenye mfuko, na watoto wasiwepo karibu. Udongo wa kawaida nao hutoa vumbi la silika unapovunjwa ukiwa mkavu. Tone la maji hugharimu senti, pafu halinunuliwi.

Hesabu na sera

Chukua mfano wa kaya ambayo ingechoma kilo 2 za mkaa kwa siku kwenye jiko la bati. Jiko zima lenye kihami likipunguza theluthi, akiba ni karibu kilo 20 kwa mwezi. Matanuri ya asili hutumia kilo 5 hadi 10 za kuni kutoa kilo moja ya mkaa, kwa hiyo chungu kimoja kilichopasuka kinaweza kugharimu msitu kilo 100 hadi 200 za kuni kila mwezi unaopita bila matengenezo. Hakuna upandaji miti wa bei rahisi kushinda kubadilisha chungu hicho.

Tafiti zinaunga mkono umuhimu wa jambo hili. Jijini Nairobi, utafiti wa Susanna Berkouwer na Joshua Dean uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba jiko bora la mkaa la dola 40 lilipunguza matumizi ya fedha za mkaa kwa asilimia 39, ilhali wastani wa kile ambacho kaya zilikuwa tayari kulipa ulikuwa dola 12. Kaya zilielewa faida. Zilikosa fedha za mkupuo. Kwa familia kama hizo, sehemu inayobadilishwa kwa bei ndogo ni muhimu kuliko jiko jipya la bei kubwa. Huko Odisha, India, Rema Hanna, Esther Duflo na Michael Greenstone walifuatilia majiko yaliyogawiwa kwa miaka minne. Moshi waliovuta wapishi ulipungua mwaka wa kwanza, kisha faida ikatoweka, kwa sababu majiko hayakutumiwa ipasavyo wala kutunzwa. Na mwaka 2024, Annelise Gill-Wiehl, Kammen na Barbara Haya walionyesha kuwa hati za kaboni za miradi ya majiko waliyoichunguza zilikuza faida karibu mara tisa. Ukichukulia kwamba jiko lililogawiwa litaokoa kuni vilevile miaka yote, utahesabu akiba ambayo haikuwahi kuwepo.

Kihami kina mipaka, na haki inataka isemwe. Mkaa hutoa kaboni monoksidi hata kwenye jiko lililo bora, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Tanzania imeweka lengo la asilimia 80 ya wananchi kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034, na lengo hilo linastahili kila msaada. Hata likitimia kwa ukamilifu, familia moja kati ya tano itakuwa bado nje yake, na kabla ya hapo mamilioni watapika kwa mkaa kila siku. Peleti, ambazo huenda zikawa daraja, zinategemea vihami vile vile.

Kwa hiyo mambo manne yafanyike. Viwango vya majiko katika nchi zetu vipime jiko baada ya miezi mingi ya kupikiwa, pamoja na lile la siku ya kwanza. Kila jiko linalopata msamaha wa kodi au fedha za kaboni liwe na kihami kinachoweza kutolewa kwa patasi na bisibisi, na vyungu vyake viuzwe kwa vipimo vinavyojulikana ili cha mfinyanzi mmoja kiingie kwenye bati la fundi mwingine. Vyuo vya ufundi stadi vifundishe kuchoma udongo, kuchanganya vemikulaiti na kujikinga na vumbi, kama vinavyofundisha kuchomelea vyuma. Na miradi iripoti idadi ya vihami vilivyobadilishwa kila mwaka kando ya idadi ya majiko yaliyotolewa. Mradi uliogawa majiko laki moja na usiobadilisha hata chungu kimoja baada ya miaka mitatu haujapunguza mkaa, umegawa mabati. Wafinyanzi wapo, mafundi bati wapo, na Namekara mashariki mwa Uganda kuna vemikulaiti ya kutosha. Kinachosubiriwa ni mnunuzi, na serikali na wafadhili wanaweza kuwa mnunuzi huyo kuanzia bajeti ijayo.